Onyo Lisilo na Nauli

Kila masika yanapoacha maiti na matope, hukumu huwahi kufika kuliko misaada. Waliokufa walionywa. Mamlaka ya hali ya hewa ilitabiri, redio zikatangaza, mkuu wa wilaya akapita na kipaza sauti, wakazi wa mabondeni wakaambiwa wachukue tahadhari, nao wakakaa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mjadala hufungwa hapo. Wataalamu na wafadhili husema jambo lile lile kwa adabu zaidi: uelewa wa jamii ni mdogo, elimu kwa umma haijatosha. Mwanafunzi wa shahada ya uzamivu anayetafiti mawasiliano ya majanga na tofauti za kitabaka atakuta hitimisho hili limemtangulia, limekaa tayari kwenye sura ya mwisho ya tasnifu nyingi atakazosoma, chini ya kichwa cha mapendekezo. Ninadai kwamba hitimisho hilo ni la makosa, na kwamba madhara yake hayaishii maktaba. Maskini anayekufa kwenye mafuriko, mara nyingi, tangazo alilisikia, akalielewa, akalipima, akaona kwamba mtu wa hali yake hana namna ya kulitekeleza. Kinachogawanywa kwa tabaka kuliko habari yenyewe ni uwezo wa kuitii: chombo cha usafiri, pa kulala, mtu wa kulinda vyombo vilivyobaki, na shilingi za kula siku tatu bila kufanya kazi.

Ushahidi uliochimbwa kwa kina unatoka Marekani, nchi isiyo na uhaba wa redio wala setilaiti. Agosti 28, 2005, siku moja kabla ya kimbunga Katrina kutua Louisiana, ofisi ya hali ya hewa iliyopo Slidell, karibu na New Orleans, ilitoa taarifa ambayo ni vigumu kuikosoa kwa uandishi wake. Haikuzungukazunguka. Ilisema sehemu kubwa ya eneo hilo haitakalika kwa wiki kadhaa, kwamba angalau nusu ya nyumba zilizojengwa imara zitang'olewa paa na kuta, na kwamba watu watateseka kwa kukosa maji. Asubuhi hiyo hiyo Meya Ray Nagin aliamuru jiji zima lihame, na watu kama wanne kati ya kila watano wakaondoka. Makumi ya maelfu waliobaki walikuwa kwa wingi Wamarekani weusi maskini, wazee na wagonjwa. Zaidi ya kaya moja kati ya nne mjini humo haikuwa na gari, na amri ya kuhama ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya wenye magari. Kimbunga kilikuja mwisho wa mwezi, wakati wanaoishi kwa hundi inayoingia tarehe ya kwanza wamebaki na senti za mkate. Chumba cha hoteli Houston hakilipwi kwa uelewa. Mabasi ya shule ambayo yangeweza kubeba watu yalipigwa picha yakiwa yamepangwa kwa safu, yamezama kwenye maegesho yake. Karibu nusu ya waliokufa Louisiana walikuwa na miaka 75 au zaidi. Hata hivyo, siku chache baadaye Michael Brown, mkuu wa shirika la serikali kuu la dharura, alijitokeza kwenye televisheni akaeleza kwamba vifo vingi vingetokana na watu ambao hawakutii maonyo.

Brown hakuwa peke yake. Mwaka 2009 Nicole Stephens na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha jinsi watazamaji wa kawaida, na hata wafanyakazi wa uokoaji, walivyowaeleza walioondoka kuwa watu wa kujitegemea na wachapakazi, na waliobaki kuwa wazembe na wasio na mpango. Waliobaki wenyewe walipoulizwa walizungumza habari nyingine kabisa: jirani asiyeweza kutembea, imani, wajibu wa kutowaacha wengine nyuma. Watafiti hao waliona kwamba wanaohukumu hudhani kila mtu ana machaguo waliyo nayo wao, kisha humpima kwa chaguo ambalo hakuwahi kuwekewa mezani. Na miaka mitatu tu baada ya Katrina, jiji hilo hilo lilipitia jaribio ambalo hakuna kamati ya maadili ya utafiti ingemruhusu mtu kulibuni. Kimbunga Gustav kilipokaribia mwishoni mwa Agosti 2008, New Orleans ilikuwa na vituo vya kuchukulia watu, mabasi na treni, na karibu wakazi 18,000 wasio na usafiri wao wakapandishwa na kupelekwa mahali salama. Walikuwa watu wa tabaka lile lile, wenye elimu ile ile, waliosikia matangazo ya aina ile ile. Mtu atasema walikuwa wamefundishwa hofu na Katrina. Bila shaka, lakini hofu haina matairi. Mtu asiye na gari anaweza kuogopa usiku kucha na asubuhi akakutwa pale pale.

Turudi nyumbani, kwa kuwa hoja hii ina makazi yake Dar es Salaam. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 jijini, na serikali ikawahamishia waathirika wengi wa Bonde la Msimbazi kwenye viwanja vya Mabwepande, pembezoni kabisa mwa jiji. Baada ya muda baadhi yao wakaonekana tena Jangwani na Kigogo, na hadithi ya watu wasiosikia ikapata nguvu mpya: wamepewa viwanja, wamevikimbia, wamerudi kwenye maji. Hebu tufanye hesabu yao badala ya kuicheka. Mama lishe anayeuza chakula Kariakoo hutembea kwa miguu kutoka Jangwani alfajiri na sufuria kichwani. Kutoka Mabwepande atapanda daladala zaidi ya moja kwenda na zaidi ya moja kurudi, sufuria nazo zikilipiwa, na wateja wa chai ya asubuhi watakuwa wamekwisha kunywa kwa mwingine. Mafuriko humfuata siku chache kwa mwaka, tena si kila mwaka. Nauli humfuata kila siku ya Mungu. Akienda kupanga chumba mahali pengine karibu na mji, mwenye nyumba atadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mwanamke huyu akiamua kubaki bondeni hajashindwa kuelewa hatari; ameweka hatari mbili kwenye mizani, ya maji na ya njaa, akachagua ile inayokuja mara chache. Mhasibu yeyote angefanya hivyo.

Tena kuna jambo ambalo wahubiri wa elimu kwa umma hawapendi kuliona, ingawa wanalipita kila wakitoka Magomeni kwenda mjini. Karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa Jangwani, ndani ya bonde lile lile, na waliopitisha ujenzi huo walikuwa na wahandisi, ramani na takwimu za mvua mbele yao. Maji yamekwishaingia humo zaidi ya mara moja na kuharibu mabasi. Sijasikia mtu akisema kwamba wapangaji wa mradi ule wana uelewa mdogo, wala kupendekeza wafanyiwe semina ya kata. Walipokosea wao, tuliambiwa habari ya ardhi, gharama na ulazima wa kuwa karibu na barabara kuu. Yaani sababu zile zile za mama lishe. Tofauti ni kwamba zikitoka kwake huitwa ukaidi.

Na alipopewa njia nyingine, mkaidi huyu alifanya nini? Mwaka 2015 nyumba za bonde hilo zilipigwa alama nyekundu ya X na kubomolewa, na bado watu walikuwepo. Ulipokuja mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 2022, kaya zikaanza kulipwa fidia, na pamoja na manung'uniko kuhusu viwango, nyingi zilihama. Tinga halikuweza, kipaza sauti hakikuweza, hundi iliweza. Sidai kwamba fidia ile ilikuwa ya haki kwa kila mtu. Ninachosema ni kwamba watu waliotangazwa kwa miaka kumi kuwa hawasikii walisikia haraka sana walipoambiwa jambo linalowezekana.

Kwa nini basi fani yenyewe inaendelea kutafuta kasoro masikioni mwa maskini? Sehemu ya jibu ipo kwenye asili yake. Mfano unaofundishwa kuliko yote katika mawasiliano ya majanga ni wa mwaka 1982, watu saba walipokufa eneo la Chicago kwa vidonge vya Tylenol vilivyotiwa sumu, na kampuni ya Johnson & Johnson ikaondoa sokoni chupa zipatazo milioni 31. Nadharia zilizofuata zimelelewa na swali la jinsi taasisi itakavyolinda jina lake: William Benoit aliandika juu ya kukarabati taswira iliyochafuka, Timothy Coombs juu ya jinsi taasisi ichague jibu kulingana na kiasi inacholaumiwa, ili heshima yake isiporomoke. Ni kazi nzuri kwa walengwa wake. Lakini mwanafunzi anayezichukua na kwenda nazo Mathare, mtaa wa mabanda wa Nairobi, amebeba chombo kilichotengenezwa kumlinda msemaji, na anakitumia kumpima msikilizaji. Ndiyo maana ofisi ikishatoa tangazo hujiona imemaliza kazi, na ikishaweka nakala ya tangazo hilo kwenye faili imejipatia pia utetezi wa siku ya tume ya uchunguzi. Sehemu nyingine ya jibu ni ya kushangaza zaidi, kwa sababu sayansi ya mawasiliano iliijua mapema. Mwaka 1970 Philip Tichenor, George Donohue na Clarice Olien wa Chuo Kikuu cha Minnesota walieleza nadharia ya pengo la maarifa: habari zikimiminwa kwenye jamii kupitia vyombo vya habari, wenye nafasi bora hufaidika upesi zaidi, na pengo likapanuka. Ukichukulia hilo kwa uzito, dawa ya kuongeza matangazo, yakiachwa peke yake, inaweza kuongeza ugonjwa. Mwenye gari akipata ujumbe wa simu saa sita kabla ya mwenzake anapata saa sita za kuondoka. Asiye na gari anapata saa sita za kusubiri.

Upinzani mzito dhidi ya hoja yangu hautoki kwa Brown wala kwa mkuu wa wilaya. Unatoka Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Katika mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020, uliowaua watu zaidi ya 2,200, utafiti uliofanywa Beni na Butembo Septemba 2018 kwa watu wazima 961 ulikuta robo yao hawaamini kwamba Ebola ipo. Hapa, mtu ataniambia, hapakuwa na suala la nauli. Chanjo ilikuwa ya bure, gari la wagonjwa lilikuja mlangoni, na watu wakalirushia mawe. Je, huo si ujinga mtupu? Nakubali kwamba uvumi ulikuwepo na uliua. Lakini tuuangalie ulikotoka. Tangu 2014 raia wa eneo la Beni walikuwa wakichinjwa kwa mapanga, na kilio chao hakikuleta msururu wa magari. Ebola ilipoingia, magari yakaja kwa mamia, hoteli zikajaa, na fedha zikaonekana mitaani. Desemba 2018, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, wapiga kura wa Beni na Butembo, ngome za upinzani, waliambiwa upigaji kura wao umeahirishwa hadi Machi, Ebola ikiwa miongoni mwa sababu, wakati rais mpya angekuwa amekwisha kuapishwa. Masoko na makanisa yalibaki wazi. Mtu aliyeona hayo akasema ugonjwa huu ni mradi wa wakubwa alikosea kuhusu kirusi, na kosa hilo lilikuwa la hatari. Kuhusu wakubwa alikuwa na ushahidi. Utafiti ule ule ulikuta kwamba imani ndogo kwa mamlaka iliendana na kukataa chanjo na kukwepa tiba. Ongeza kwamba vipeperushi vingi vilikuja kwa Kifaransa au kwa Kiswahili sanifu cha vitabuni, mbali na Kiswahili kinachosemwa sokoni Butembo. Imani nayo ni mali, na imegawanywa vibaya kama ardhi. Dola iliyomnyima mtu ulinzi na kura haiwezi kuja mwaka wa tano kudai asadiki kila isemalo kwa sababu safari hii inasema kweli. Kwa hiyo Beni haibomoi hoja yangu, inaipanua: uwezo wa kutii onyo una gharama ya fedha na una gharama ya historia.

Upinzani wa pili ni wa mkoba. Maneno ni rahisi, mabasi ni ghali, nchi maskini ifanye nini zaidi ya kutangaza? Hapa Bangladesh inatosha kuwa jibu. Kimbunga cha Bhola cha Novemba 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba idadi kubwa mno ya watu walikuwa na habari za kimbunga, ila wachache sana walikimbilia jengo imara, kwa sababu ambayo mtoto angeitaja: majengo imara hayakuwepo. Nchi hiyo, iliyozaliwa mwaka uliofuata ikiwa miongoni mwa maskini kuliko zote duniani, ilianzisha mpango wa kujitolea pamoja na Shirika la Msalaba Mwekundu (sasa Hilali Nyekundu), na kwa miongo kadhaa ikajenga mahali pa kukimbilia, mara nyingi shule zilizoinuliwa juu ya nguzo. Ilipobainika kwamba watu wanabaki nyuma kulinda ng'ombe, hawakuandaa semina kuhusu thamani ya uhai. Walijenga vilima vya udongo ili ng'ombe nao wapande. Wanawake walipokufa kwa wingi kuliko wanaume mwaka 1991, katika kimbunga kilichoua karibu watu 138,000, ilieleweka kwamba kibanda cha pamoja kisicho na faragha wala choo cha wanawake ni mlango uliofungwa. Leo mpango huo una watu wa kujitolea zaidi ya 70,000, nusu yao wanawake. Kimbunga Sidr cha 2007 kiliua watu wapatao 3,400. Kimbunga Amphan cha 2020 kilipokaribia walihamishwa zaidi ya watu milioni mbili, na vifo vya Bangladesh havikuvuka makumi. Mwaka huo huo Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilituma taka 4,500, sarafu ya nchi hiyo, kwa simu kwa kaya zaidi ya 23,000 kabla mafuriko ya mto hayajafikia kilele. Watafiti walipozilinganisha na kaya ambazo hazikupata, zilizopata zilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuhamisha watu na mifugo, na mdogo zaidi wa kushinda siku nzima bila chakula. 

Anayedai kwamba Afrika Mashariki haina fedha za namna hiyo anapaswa kueleza fedha za tinga zinatoka wapi. Kenya, mwanzoni mwa Mei 2024, mvua ikiwa imekwisha kuua karibu watu 200, wizara ya mambo ya ndani iliwapa wakazi wa karibu na mabwawa 178 saa 24 wawe wameondoka. Mathare, nyumba za kando ya mto zilivunjwa mvua ikiendelea kunyesha, na ahadi ya shilingi 10,000 kwa kaya ilitangazwa wengine wakiwa tayari wamesimama nje na magodoro yaliyolowa. Fedha zilipatikana, zikatangulizwa mashine. Na ikiwa tunataka kweli kuwasaka wasiosikia, tusiishie mtoni. Oktoba 2023 idara ya hali ya hewa ilikuwa imekwisha kutahadharisha juu ya mvua kubwa kuliko kawaida, na Rais William Ruto akawaambia Wakenya kwamba El Niño iliyohofiwa haitakuwepo. Kabla mwaka haujaisha mafuriko yalikuwa yameua zaidi ya watu mia moja. Wataalamu wa mawasiliano waliokwenda vijijini na hojaji kupima uelewa, sijui kama kuna aliyepita Ikulu.

Wapo wanaobaki kwa ukaidi wa kweli, na sitajifanya hawapo. Kuna mwenye gari, hela na shangazi mwenye nyumba kubwa mlimani anayekataa kuondoka kwa sababu mafuriko ya mwaka jana yaliishia kizingitini. Kila mtaa una wa kwake, wa matajiri na wa maskini. Lakini ukaidi ungekuwa ndio chanzo kikuu cha vifo, vifo vingesambaa kama ukaidi wenyewe ulivyosambaa, bila kujali kipato, umri wala rangi. Havisambai hivyo. Vinafuata bei ya kodi.

Kwa hiyo, wewe unayeandaa pendekezo lako la utafiti wa uzamivu, ukiwa na hojaji yenye maswali ulisikia lini, ulisikia kupitia nini, ulielewa kwa kiasi gani, ongeza mengine kabla hujaipeleka mtaani. Kuhama kungekugharimu shilingi ngapi, na siku hiyo ulikuwa na ngapi? Ungelala wapi, nani angebaki na mgonjwa, nani angelinda mabati? Aliyekuonya, mara ya mwisho alikuja mtaani kwenu kwa shughuli gani? Hoji pia upande wa pili kwa ukali ule ule: ofisi iliyotoa tangazo iliandaa mabasi mangapi, na kwa fungu lipi la bajeti? Nanyi watahini, mtahiniwa akifika sura ya mwisho akaandika kwamba elimu itolewe kwa wakazi wa mabondeni, mrudishieni tasnifu hadi aeleze ni kitu gani ambacho wakazi hao hawakukijua.